Somo yake Mama

Binti yangu ametimia miaka 16, na hapa Uingereza mtu wa umri huo anaruhusiwa kubadili jina lake mwenyewe. Karatasi amekwisha kuichapa, imebaki kutiwa sahihi tu. Anaitwa Kupona. Shuleni wanamwita Kuponi, ile ya kupunguziwa bei dukani, na kila mwaka hatokosi mwerevu mpya wa kumwuliza leo anapunguza asilimia ngapi.

Jina hili ni la marehemu mama yangu. Sisi nyumbani Lamu hatukuwa na jina la ukoo la kuandika kwenye fomu. Mtu ana jina lake, la babake na la babuye, basi. Kinachotuunganisha ni majina yanayorudi. Mjukuu hupewa la bibi yake, wakawa somo. Mama naye aliitwa hivyo kwa kuwa ndugu zake wawili waliomtangulia hawakuishi. Kupona ni kutoka katika ugonjwa, lakini pia ni kusalimika: aliyeogelea hadi pwani chombo kikazama nyuma yake, naye tunasema amepona. Jina lilikuwa dua.

Na kwa mtu wa Lamu, hulitaji jina hili asimkumbuke Mwana Kupona binti Msham. (Hiyo “Mwana” ni ya heshima, si mtoto.) Alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyempinga Sayyid Said, akafiwa naye mwaka 1856. Kiasi cha miaka miwili baadaye akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti zaidi ya 100, naye yu mgonjwa. Humo asema maradhi yamemshika mwaka mzima. Jina Kupona, na mwenyewe hakupona; alifariki miaka michache baadaye.

Nilidhani binti yangu akiusoma utendi huo ataona fahari. Tukaketi Jumamosi moja, mimi nikimfasiria Kiamu. Tulipofika kwenye nasaha za mume, kwamba mke asitoke bila ruhusa, kwamba radhi ya mume ndiyo njia yake ya kwenda Peponi, akafunga kitabu.

“Mama, na hili ndilo jina unalotaka nibaki nalo?”

Nikaanza kutetea: zama zile, hali zile. Sikufika mbali. Mimi beti zile nilikaririshwa kabla ya kuolewa, nikazishika barabara, na ndoa ikavunjika vilevile. Yeye anajua, maana alikuwapo. Mwana Kupona anasema aliishi na mumewe kwa furaha, hawakuvunjiana heshima hata siku moja. Nilipokuwa bibi harusi niliyasikia kama ahadi. Nikanyamaza, nikaenda kupika.

Wiki ya pili akaja jikoni na kitabu, kidole kikiwa mwanzoni kabisa, pale mama anapomwambia binti asogee, alete wino na karatasi.

“Kwa hiyo huyu msichana alijua kuandika?”

Nikamwambia inaonyesha hivyo.

“Siu? Mwaka 1858?”

Miaka yote ile sikuwahi kuuona ule wino. Walionifundisha waliharakia kwenye mume, nami nikaharakia nao. Mwanamke mjane, mgonjwa, anatunga. Binti yake ameshika kalamu. Na hakumtungia yeye peke yake, anawataka wanawake wausome. Binti yangu bado hakubaliani na nusu ya maneno yake, na sikumbembeleza akubali. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba akitia sahihi sitanuna, lakini nitakuwa sina tena wa kumwita kwa jina la mama.

Karatasi mpaka leo iko chini ya bakuli la matunda, haina sahihi. Juzi nilimsikia akizungumza na benki kwenye simu, akitaja herufi moja moja. “Hapana, si kuponi,” akamwambia kwa Kiingereza. “Mwisho ni A.”