Jina Lililosomwa Jumapili

Ndugu msomaji, nimesita sana kuiandika habari hii, maana si habari ya jirani. Ni ya nyumbani kwangu. Mama watoto ameniruhusu kwa sharti moja tu, kwamba nisijitetee.

Sisi ni watu wa kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Geita kwenda Sengerema. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 34, na kwa miaka 18 nilikuwa mzee wa kanisa. Mzaliwa wetu wa kwanza ni wa kiume. Alipomaliza kidato cha nne mwaka 2004 nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba atakuwa mwalimu kama mimi, nikauza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada ya chuo. Alisoma muhula mmoja, akarudi nyumbani na sanduku lake, akaniambia, "Baba, mimi chaki siiwezi." Haikupita wiki akaelekea Nyarugusu kuchimba dhahabu.

Niliona aibu. Hata leo sijui vizuri kwa nini, maana baba yangu mzazi alishuka shimoni katika mgodi wa zamani wa Geita, ule uliofungwa mwaka 1966, na mshahara wake ndio ulionisomesha. Kwa maneno mengine, chaki yangu ilitoka shimoni. Lakini baba alikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, na hapo ndipo nilipokosea kumwelewa kijana. Katika maduara ya wachimbaji wadogo hakuna mshahara. Wanachimba, wanatoa mawe, na mawe yanagawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji. Fungu lako unalipeleka karasha likasagwe, unga unaoshwa kwenye mwalo, zebaki inakamata kilichomo, kama kimo. Mtu aweza kukaa miezi sita akila kwa mkopo, kisha siku moja akapata fedha ambayo mwalimu hajawahi kuishika. Mimi kila alipokuja nyumbani nilimwuliza swali moja: "Mshahara wako uko wapi?" Nilikuwa nauliza swali lisilo na jibu, tena mbele ya wadogo zake. Akaanza kuja mara chache.

Mwaka 2009 tukasikia kwamba anaishi na mwanamke huko kambini, mama lishe, aliyemzidi umri kidogo na mwenye mtoto wake tayari. Hakuna mahari, hakuna ndoa. Katika kanisa letu mtu wa namna hiyo hutengwa, hashiriki meza ya Bwana, na jina lake husomwa mbele ya ushirika. Wazee tulikaa Jumamosi. Mwenyekiti, mtu mpole, aliniambia, "Mwalimu, hili ni la nyumbani kwako, tupishe kidogo." Nikakataa kutoka. Nilitaka waone kwamba sina upendeleo. Ilipofika kunyosha mikono, wangu ulikuwa wa kwanza.

Kesho yake jina likasomwa. Mama yake alikuwa amesimama katika kwaya. Waliimba wimbo uliofuata mpaka mwisho, na yeye akaimba. Baada ya siku ile hakuimba tena kwaya, wala mimi sikumwuliza sababu.

Habari za namna hiyo hazihitaji barua. Kijana alizipata gulioni kabla mwezi haujaisha. Akabadili namba ya simu, na sisi tukabaki na ile ya zamani ambayo haikuita.

Mzazi aliyefarakana na mwanawe hujifunza lugha yake. Watu wakiniuliza, "Kijana hajambo?" nilijibu, "Hajambo, yuko kazini." Si uongo, na si kweli. Pale kanisani nilikuwa na wenzangu wawili: mmoja binti yake alikuwa amebadili dini kwa ajili ya ndoa, mwingine mwanawe alikuwa Dar es Salaam, mwenye kazi nzuri, ila hakuja hata msibani. Baada ya ibada tulisimama chini ya mwembe tukiulizana hali, kama wagonjwa wa ugonjwa mmoja kwenye foleni ya dawa. Tuliombeana. Maombi yetu yote yalikuwa "arudi". Tuliwaombea watoto wetu kama mtu anavyomtafuta ng'ombe aliyepotea, kana kwamba kosa lote ni la ng'ombe. Na ile habari ya mwana mpotevu katika Luka nimeihubiri zaidi ya mara kumi, kila mara nikikaa sana kwenye nguruwe. Sikuwahi kuona kwamba yule baba hakuitisha kikao.

Mwaka 2012 tuliezeka nyumba kwa bati. Mama watoto alisema fedha zimetoka katika kikundi chao cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, nikakishukuru kikundi.

Sasa nifike mahali pagumu. Alhamisi ya tarehe 26 Januari 2017, mgodi mmoja wa Nyarugusu uliporomoka na kuwafukia watu 15 chini, mmoja wao Mchina. Nilisikia redioni. Sikuaga vizuri, nilivaa koti nikapanda gari.

Pale palikuwa na watu wengi, na kijana mmoja mwenye daftari akiandika ndugu za waliofukiwa. Akaniuliza, "Shikamoo mzee. Una mtu ndani?" Nikamwambia pengine. Nikataja jina la mwanangu, jina lote, kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo. Akapekua, halimo. Akasema, "Huku wengi hawatumii majina ya shule, mzee. Kambini anaitwaje?" Sikujua. "Anachimba duara la nani?" Sikujua. "Namba yake ya simu?" Sikujua. Akaniangalia, si kwa dharau, akaniuliza, "Sasa mzee wangu, unamtafuta nani?"

Nimesahihisha mitihani miaka 34. Sijawahi kuona karatasi tupu kama niliyoitoa mimi siku ile.

Jumamosi jioni nilimpigia mama watoto nimwombe aendelee kuomba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, rudi nyumbani. Hayumo."

"Umejuaje?"

"Nimeongea naye jana. Aliacha kuchimba siku nyingi. Yuko Katoro, ana karasha."

"Huwa mnaongea?"

"Kila Jumatano, ukiwa kwenye kikao cha wazee."

Nikamwuliza, "Na yale mabati?" Hakujibu, nami sikurudia swali.

Sikurudi usiku ule. Sina maelezo. Nililala kwa mwalimu mwenzangu wa zamani, na Jumapili, ikiwa mara yangu ya kwanza kukosa ibada bila kuugua tangu niwe mzee wa kanisa, nilikuwa pale walipotolewa. Wote 15 walitoka hai. Mzee mmoja karibu yangu alikaa chini ghafla kama aliyekatwa miguu, akawa anacheka na kulia. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Nilimwonea wivu mtu ambaye mwanawe alikuwa amefukiwa siku tatu, kwa sababu alijua ni shimo gani.

Nikaenda barabarani. Wapiga debe walikuwa wakiita, "Katoro! Katoro!" Nikapanda gari la Geita.

Nyumbani tulikula kimya. Kisha mama watoto akasema, "Ungejua, ungeyang'oa." Alikuwa na maana ya mabati. Nilitafuta neno la kubisha, nikalikosa.

Akanipa namba. Nikapiga baada ya siku tatu. "Shikamoo baba." "Marahaba." Tukaongea habari za mvua, na bei ya kusaga mawe. Ningekomea hapo ingekuwa heri. Lakini mzee wa kanisa aliyemo ndani yangu akaanza kueleza jinsi anavyoweza kutubu, ndoa ikabarikiwa, mambo yakaisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, jina langu lilisomwa mbele ya watu. La kwako litasomwa lini?" Akaaga kwa heshima, akakata.

Swali hilo nilitembea nalo mwaka mzima. Mwaka 2018 niliwaomba wazee wasome jina langu, kwamba nilinyosha mkono kwa ajili ya sifa yangu na si kwa ajili ya ukweli. Walisema hakuna utaratibu wa namna hiyo, na kwamba nilitimiza wajibu. Mchungaji, kijana kuliko mwanangu, akaniambia nisijitese. Nikajiuzulu uzee, na Jumapili moja wakati wa ushuhuda nikasimama nikayasema mwenyewe. Sidhani nilitumia dakika mbili. Wengine walidhani ni uzee wa kawaida, ule wa miaka.

Mama watoto hakunisifu. Tukiwa njiani aliniuliza tu, "Yeye umemwambia?"

Nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nimewaambia watu mia mbili, yeye sijamwambia. Jioni nikampigia. Akasema, "Nimesikia, baba." Hakuongeza.

Sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba baada ya hapo alirudi. Hajarudi. Mama yake amekwenda Katoro mara nyingi. Mimi sijaalikwa, na sijiendei. Jumatano simu ikiita, mama watoto huongea, kisha hunipa nisalimiane na mjukuu, ambaye hunisimulia habari za shule bila kujua kwamba naandika kila neno. Yule mtoto aliyekuja na mama yake sasa ni fundi wa karasha, na simwiti tena "yule mtoto" nikiongea naye. Naandika hivi kwa sababu niliahidi kutojitetea.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Mwanza imekuwa nyepesi, na mwanangu huenda huko kununua vipuri. Hupita hapa. Mwezi uliopita gari lake lilisimama barabarani, utingo akashuka na mfuko wa mchele, akamkabidhi mama. Yeye hakushuka. Kioo kilikuwa wazi, niliuona mkono wake juu ya mlango. Nikapunga wangu. Honi ikapigwa mara moja, wakaenda.

Mama watoto anasema Alhamisi atapita tena. Nimehamishia kiti changu upande wa barabarani, ingawa kuna jua.