Maji Ndani ya Oili

Mtoto wa visiwani hukua akisikia kwamba mafuta na maji havichangamani, na watungaji wetu hawajachoka kuutumia mfano huo kwa wapendanao wasiopatana. Dereva mmoja mzaliwa wa Pemba naye aliuamini, mpaka alfajiri moja alipokuwa Mpanda, mji uliokuzwa na machimbo ya risasi na reli itokayo Kaliua, na ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi.

Lori lilikuwa limesheheni mchele wa Sumbawanga. Utingo wake, kijana mpole, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama kwa muda, kisha akasogea.

"Shikamoo mzee. Njoo uone."

"Marahaba. Nini tena?"

Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dereva alisema ni unyevu wa usiku tu. Tajiri alikwisha piga simu mara mbili, na njia ya Sitalike, ipitayo ndani ya Hifadhi ya Katavi, haikumfaa mtu wa kuchelewa. Hata hivyo moyo haukutulia, akamwita fundi.

Fundi hakuwa na pupa. Alieleza kwamba povu jeupe chini ya kifuniko, likiwa peke yake, si hukumu. Safari fupi za wakati wa baridi huweza kulileta. Lakini je, maji ya rejeta yanapungua?

"Yanapungua," alijibu utingo, "na chini hapadondoki kitu."

Kwa kuwa injini ilikuwa imelala baridi usiku kucha, fundi aliilegeza kidogo nati ya kumwagia oili. Maji, kwa uzito wake, hutuama chini ya oili. Naam, yakatangulia maji, ndipo ikafuata oili. Penye injini, alisema, vitu hivi viwili hupita jirani, vikitengwa na chuma na gasketi. Injini ikichemka, silinda hedi huweza kupinda na gasketi ikaachia. Au hupasuka kipoza oili. Oili iliyoingiwa na maji hupoteza utelezi wake, na beringi husagika. Pengine lori lingefika Sitalike. Kutoka hapo, hakuna ajuaye.

Mchele ulihamishiwa lori jingine, na nauli ikaenda na lori hilo. Hedi ilipofunguliwa ilikutwa imepinda, ikapelekwa kwa mkereza vyuma.

Jioni dereva aliuliza, "Maji yameanza kupungua lini?"

"Tangu juzi, mzee."

"Mbona hukuniambia?"

Kijana aliinamisha kichwa. Dereva hakurudia swali, kwani alikumbuka ni mara ngapi njiani alimwambia anyamaze, kazi ya utingo ni kufunga turubai. Akaagiza chai, vikombe viwili, akamsogezea kijana kiti.