Ndafu Haenei Kwenye Jiko la Trela

Mishkaki yetu ya kwanza kwenye milima ya Colorado iliiva saa nne usiku. Watoto walikuwa wameshalala, wameshiba mkate na siagi ya karanga. Mke wangu, Mama Neema, alikaa kwenye ngazi ya trela akinitazama kwa ule ukimya ambao kila mwanaume aliyeoa anaujua. Jiko langu jipya la gesi lilitoa moto wa mshumaa wa keki. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Nikatikisa mpira. Hatimaye jirani yetu pale kambini, mzee mstaafu kutoka Nebraska, akaja na tochi, akainama, akacheka kidogo, akaniambia nimeibana gesi mara mbili.

Alikuwa sahihi. Trela za kulala za huku aghalabu hubeba mitungi miwili ya kilo 9 mbele, na hapo hapo kuna regyuleta inayoshusha presha ili gesi ifae kwa jiko la ndani. Trela nyingi zina pia tundu la kuchomeka mpira ubavuni, na gesi ya hapo imeshapunguzwa presha. Lakini majiko mengi ya kubeba yametengenezwa kwa vichupa vidogo vya karibu nusu kilo, ambavyo gesi hutoka na nguvu zake zote, kwa hiyo yanakuja na regyuleta yake yenyewe. Ukilichomeka jiko la namna hiyo ubavuni mwa trela, gesi inapita milango miwili myembamba, na wewe unakula usiku wa manane.

Kwa hiyo anayetaka kununua jiko la safari asianze na rangi wala na meza za kukunja za pembeni. Aulize kwanza: linakubali presha ndogo ya trela? Kama halikubali, kuna mpira unaovutwa moja kwa moja kutoka mtungini kabla gesi haijafika kwenye regyuleta ya trela. Wapo wanaoing'oa regyuleta ya jiko. Sawa, mradi siku wakisahau wasilifunge jiko hilo kwenye kichupa, maana hapo hawatalalamikia moto mdogo.

Vichupa vyenyewe vinanikera. Jiko dogo likiwashwa kwa nguvu zote humaliza kimoja kwa kama saa mbili na nusu, kisha kinatupwa, kwani kimetengenezwa kitumike mara moja tu. Mimi nimekulia Marangu, ambako mtungi mtupu ni mali, mtu anaufungia chumbani na funguo anatembea nazo. Miaka ya mwanzo nilivirudisha nyumbani vyote, vikajaa karakana, mpaka mke wangu akauliza kama nafungua duka.

Nilipompigia mama kumsimulia ile mishkaki ya saa nne, aliitikia shikamoo yangu kisha akanyamaza kidogo. "Mwanangu, umevuka bahari kwenda kuchoma nyama kwa gesi?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikijiuliza. Kwetu nyama ya sherehe ni ndafu, mbuzi mzima anayechomwa polepole, anaingia ukumbini kwa shangwe ameng'atishwa majani. Jiko langu lina wavu wa sentimita za mraba 1,200 hivi. Paja la mbuzi likilala hapo, vitunguu havina pa kukaa. Basi nikaenda kununua jiko la mkaa, lile bakuli dogo la inchi 14 lenye mfuniko, na mfuko wa mkaa wa kushindiliwa, vipande vyote sawasawa kama vimepigwa chapa. (Mkaa huo nao una ukoo na safari za barabarani. Henry Ford ndiye aliyeusambaza Marekani katika miaka ya 1920, akitumia mabaki ya mbao za viwanda vyake huko Michigan, na ukauzwa hadi kwenye maduka ya magari yake.)

Nililitumia mara mbili. Nyama ilikuwa nyama kweli, na moshi uliniingia kwenye shati kama wa nyumbani. Safari ya tatu tulikuta kibao kwenye lango la msitu: marufuku ya moto. Milima hii ikikauka, mamlaka za misitu hupanda ngazi. Kwanza moto huruhusiwa kwenye vyuma vilivyojengwa kambini tu. Hali ikizidi, hata huo unazimwa, na mkaa unaingia humo humo. Majiko ya gesi yenye valvu ya kuzimia ndiyo mara nyingi huachwa yaendelee. Nilinung'unika kwa Kiswahili na Kichagga, nikamwita mlinzi mnoko.

Baadaye nilinyamaza mwenyewe. Moto wa Hayman, mwaka 2002, uliunguza hekta zaidi ya 55,000 za misitu hii tunayokwenda, na uliwashwa na mkono wa mtu. Mwaka 2020 ule wa Cameron Peak ukaupita, ukawa mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za jimbo. Oktoba ya mwaka huo tulikuwa nyumbani kwetu Denver, tumefunga madirisha kwa sababu ya moshi, anga la rangi ya ndimu iliyooza, simu ikalia. Dada yangu. Alikuwa amesimama uani Marangu akiniambia mlima unawaka. Kilimanjaro. Taarifa za mwanzo zilisema moto ulitoka kwa watu waliokuwa wakipasha chakula. Juu kule kuni zilikuwa zimepigwa marufuku zamani, na wapishi wa msafara hupikia gesi. Mimi ambaye ninajua hilo tangu utotoni, nilihitaji kuambiwa na kibao cha Marekani.

Na huyo mama aliyenicheka? Ana mtungi wa kilo 15 jikoni. Tangu mwaka 2024 serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034, na yeye alikwisha kuhama kabla ya mkakati. Mafiga matatu ameyaacha nje kwa ajili ya maharage na wageni. Ni mimi tu, mwenye jiko la umeme la sahani nne Denver, niliyebaki nauonea uchungu moshi. Hakuna aliyenituma kuni wala kunipangia foleni ya mkaa.

Bakuli la mkaa nimelibakiza nyumbani, kwa Krismasi. Kwenye trela linakwenda jiko la gesi, safari hii lenye mpira unaolingana na tundu. Halina ladha ile. Nimejaribu vijiti vya mti wa tufaha ndani ya karatasi ya foili, vinasaidia kidogo, visisifiwe kupita kiasi.

Mama alikuja kiangazi kilichopita. Kambi yetu iko kwenye mita 2,700 hivi, usawa wa vibanda vya Mandara kule Kilimanjaro, na aliposikia maharage yamegoma kulainika hakuuliza sababu. Alilizunguka jiko mara mbili, akaulizia moto uko wapi, akageuza nyama kwa vidole vyake na kuomba chumvi. Alikula.

Usiku wa kuamkia safari yake nilikuta kichupa kitupu kwenye begi, kimeviringishwa ndani ya kitenge. Nikamweleza kwamba ndege haikipokei hata kikiwa kitupu.

"Basi niwekee," akasema. "Nitakichukua nikija tena."

Kipo kwenye sanduku la nje la trela, na kitenge chake.