Vitabu vya Minyororo katika Mji wa Grantham

Leo twawaalika mfunge safari pamoja nasi, kwa mawazo tu, mpaka nchi ya Uingereza. Lakini tusikae London. Tupande treni iendayo kaskazini, na baada ya saa moja na kitu tutashuka Grantham, mji wa soko katika jimbo la Lincolnshire. Mgeni hana haja ya kuuliza njia ya kanisa, kwa maana mnara wa Mtakatifu Wulfram, wenye urefu wa mita 86 hivi, waonekana toka mbali. Wakatoliki wa zamani ndio waliolijenga. Tangu karne ya 16 limo mikononi mwa Waanglikana.

Juu ya ukumbi wa mlango wa kusini kuna chumba kidogo, nacho hufikiwa kwa ngazi nyembamba ya mawe yenye kuzunguka. Ndani yake mna vitabu zaidi ya 350, na 80 hivi kati yao vimefungwa kwa minyororo ya chuma. Kilicho kikongwe kuliko vyote kilipigwa chapa Venezia mwaka 1472.

Ili kuyaelewa haya yatupasa kurudi nyuma kidogo. Zamani hazina ya vitabu vya Uingereza ilikuwa katika monasteri, ambamo watawa walivinakili kwa mkono. Kati ya miaka 1536 na 1540 mfalme Henri VIII alizifunga monasteri hizo, vitabu vikatawanyika. Vingine viliuzwa kwa wenye maduka, nao wakazitumia karatasi zake kufungia bidhaa. Basi wachungaji wengi wa vijijini wakabaki hawana cha kusoma.

Ndipo alipotokea Francis Trigge, mchungaji wa kijiji cha Welbourn. Mwaka 1598 alipatana na wakuu wa mji wa Grantham: yeye atatoa vitabu vyenye thamani ya paundi 100 hivi, nao watatengeneza chumba. Vitabu vilikuwa kwa ajili ya wachungaji na watu wengine wakaao katika mji na kandokando yake. Tuyapime maneno hayo: chumba hicho hakikuwa cha chuo kikuu, wala cha watawa, wala cha tajiri fulani. Maktaba mashuhuri ya Bodley kule Oxford ilifunguliwa mwaka 1602, yaani miaka minne baadaye.

Na minyororo je? Wengine huiona wakadhani ni ishara ya uchoyo. Sisi twaona vingine. Siku hizo kitabu kilikuwa mali ya thamani kubwa, na ambaye angekichukua kimoja angewanyima wote. Katika maktaba za namna hiyo mnyororo hufungwa ukingoni mwa jalada, na kitabu hupangwa mgongo ukielekea ndani, hata msomaji aweze kukishusha na kukilaza mezani bila mnyororo kujisokota. Sisi tuliosoma seminarini twalikumbuka kabati letu: kitabu kimoja kilipopotea, kufuli lilitiwa, na muhula mzima hatukusoma kitu. Afadhali mnyororo!

Jambo jingine latupendeza. Katika chumba hicho waandishi Wakatoliki na Waprotestanti wamepangwa pamoja, na hali siku zile katika Uingereza watu waliuawa kwa sababu ya dini. Huyo Trigge ndiye aliyeandika kitabu mwaka 1604 kuwatetea maskini, ambao matajiri walikuwa wakizungushia ua mashamba yao ya ushirika ili wafuge kondoo.

Lakini kulikuwa na kufuli jingine. Vitabu vingi vilikuwa vya Kilatini. Seremala wa Grantham aliruhusiwa kupanda ngazi, lakini angesoma nini? Ufunguo ulikuwa katika shule iliyo jirani na kanisa, iliyofadhiliwa na askofu Richard Foxe, mzaliwa wa kijiji cha karibu. Huko ndiko Isaac Newton aliingia mwaka 1655, akajifunza Kilatini.

Watu wa kawaida walingoja sana. Sheria ya mwaka 1850 iliiruhusu miji yenye watu zaidi ya 10,000 kutoza kodi ya nusu peni kwa ajili ya maktaba. Ajabu ni kwamba fedha hizo ziliweza kujenga nyumba na kumlipa mtunzaji, lakini hazikuruhusiwa kununua kitabu hata kimoja! Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 1855.

Katika miaka ya 1930 muuza duka mmoja wa Grantham, Alfred Roberts, aliyeacha shule akiwa kijana mdogo, alijielimisha kwa vitabu vya maktaba ya mji. Binti yake Margaret alikuwa akienda kuviazima kila juma. Huyo ndiye Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu toka mwaka 1979 hata 1990. Basi duka ambalo zamani lingefungia sukari kwa kurasa, sasa lilipeleka mtoto kuazima vitabu.

Sheria ya mwaka 1964 iliyalazimisha majimbo na miji kuwa na maktaba na kuazimisha vitabu bila malipo. Hata hivyo mwaka 2013, fedha zilipopungua, wakuu wa Lincolnshire waliamua kuacha kuendesha zaidi ya nusu ya maktaba zao. Raia walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo, kwa kuwa watu hawakuulizwa ipasavyo. Baadaye shauri lilirudiwa, na wakuu wakashika njia yao. Maktaba ya Grantham ilisalimika. Katika vijiji na miji midogo mingi ya jimbo hilo, wenyeji wenyewe ndio wanaofungua mlango kwa zamu, bila mshahara.