Dola elfu hamsini mikononi mwa mwalimu

Mume wangu ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Kakamega, na mimi nauza nafaka sokoni. Mwezi wa Agosti 2024 tulipoteza karibu nusu milioni ya shilingi katika biashara ya fedha za kigeni kwenye simu. Zilikuwa pesa za mkopo wa sacco. Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua ziko nyumba nyingi, kuanzia Lurambi hadi Shirere na huko vijijini, ambazo zimepitia moto huu na hazijafungua kinywa.

Yalianza na dola. Anayeukumbuka mwaka 2023 anakumbuka shilingi yetu ilivyokuwa ikididimia. Januari dola ilikuwa shilingi 123 na ushei, Desemba ilikuwa imepita 150, na mwishoni mwa Januari 2024 ikagusa 160. Sisi wa sokoni tuliihisi kwenye mbolea na kwenye nauli ya lori. Halafu Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hati fungani mpya ili kununua sehemu kubwa ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva mwezi wa Juni. Hofu ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imerudi karibu 130. Waliozinunua kwa 160 wakidhani zitapanda milele walibaki wakizitazama. Wengine walitishika. Mwalimu alitamani. Alisema kumbe pesa zenyewe zina bei, na anayejua kusoma bei hizo anaweza kula zikipanda na zikishuka.

Hakukurupuka, na nataka hili lijulikane, kwa sababu watu hupenda kusema waliopoteza ni wavivu wa kufikiri. Alisoma usiku baada ya kusahihisha madaftari. Alijiunga na kundi la vijana waliokuwa wakifundishwa kwenye simu na mtu waliyemwita menta, akafanya mazoezi kwa miezi na akaunti ya majaribio yenye pesa za bandia. Nyumbani tukaanza kusikia maneno mapya. Pipu, ile hatua ndogo ya bei. Loti, kipimo cha biashara. Spredi, tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ambayo ndiyo ujira wa dalali. Chati, mishumaa ya kijani na nyekundu. Yote ni maneno ya kweli, na aliyajua vizuri.

Mkopo wa sacco ulikuwa wa kumalizia nyumba, ambayo ilikuwa imefika lenta, na wa kumwingiza binti yetu chuo kikuu mwezi wa Septemba. Tulikubaliana zikae kwenye akaunti hadi fundi arudi. Katikati ya Julai akaniambia, "Mama, hizi pesa zinaweza kufanya kazi kidogo zikingoja." Akanieleza kwa utulivu wa mtu anayefundisha darasa. Riba ya Marekani ilikuwa juu ya asilimia 5, ya Japani karibu sifuri. Ukinunua dola kwa yeni na kuzishika usiku kucha, unalipwa sehemu ya tofauti hiyo. Wanaiita swopu, nayo huingia saa sita usiku kwa saa zetu, na usiku wa Jumatano huingia mara tatu ili kufidia Jumamosi na Jumapili. Taasisi kubwa za fedha duniani zilikuwa zikifanya vivyo hivyo kwa mabilioni. Alinunua nusu loti tarehe 18 Julai, dola moja ikiwa kama yeni 157. Kila asubuhi alinionyesha simu: dola 6 hivi zimeingia tukiwa tumelala, zaidi ya shilingi 700.

Tarehe 31 Julai Benki Kuu ya Japani ilipandisha riba yake hadi asilimia 0.25. Sisi tunaokopa kwa asilimia 12 au 18 tungeicheka riba ya robo asilimia. Lakini waliokuwa wamekopa yeni duniani kote walianza kuzirudisha kwa pupa, na yeni ikapanda bei kama iliyofukuzwa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Usiku ule ule swopu ya mara tatu iliingia kwenye akaunti yetu, dola 18 nzima, na mtaji ukiwa tayari unavuja. Ijumaa takwimu za ajira za Marekani zilitoka mbovu, dola ikashuka tena. Jumatatu tarehe 5 Agosti soko la hisa la Tokyo lilianguka kwa asilimia 12.4, anguko la siku moja ambalo halikuwa limeonekana huko tangu Oktoba 1987. Sisi tulikuwa tumekwisha mapema asubuhi ile. Dola ilipopita chini ya yeni 146, kompyuta ya dalali ilifunga biashara yenyewe. Katika akaunti zilibaki dola 50.

Sitasimulia sana juu ya wiki zilizofuata. Mwalimu hakula vizuri, hakulala, na alianza kutembea peke yake usiku kando ya barabara, jambo lililonitisha kuliko deni lenyewe. Nikamwomba mama mkwe aje kutoka Shinyalu akae nasi. Alikuja na sufuria yake na hakuuliza chochote mpaka mwanawe alipoanza kusema mwenyewe. Mungu ambariki mama huyo.

Aliyetufungulia mlango ni ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi ya hesabu Eldoret. Alipofika hakutoa hotuba. "Shemeji," alisema, "niprintie taarifa ya akaunti, kila mstari." Tukaenda saiba mjini, zikatoka karatasi za rangi nyeusi na nyeupe zenye safu ndogo ndogo za namba. Akakaa nazo mezani na penseli, na kando ya kila mstari akaandika shilingi. Mpaka siku hiyo hasara yetu ilikuwa ya dola, yeni, pipu na asilimia. Nilikuwa nimeishi na msiba ambao sikuweza kuusoma.

Alianza na ile nusu loti. Mimi nauza kwa gorogoro na kwa gunia, najua kwamba bei haina maana mpaka ujue kipimo. Loti moja ya fedha ni vipande 100,000 vya sarafu inayonunuliwa. Nusu loti ni dola 50,000. Ndugu yangu akaandika kwa penseli: shilingi milioni 6.4. Tulinyamaza wote. Akaunti ilikuwa na dola 3,850, lakini mwalimu wa Kakamega alikuwa ameshika mzigo wa dola elfu hamsini. Kila pipu moja, hatua ambayo hata jicho halioni kwenye chati, ilikuwa takriban shilingi 400 zinazoingia au kutoka.

Kilichomwezesha ni levereji, yaani nguvu ya kukopeshwa ya kushika mzigo mkubwa kwa pesa kidogo. Dalali alimpa moja kwa mia tano. Kwa hiyo ili kushika dola 50,000 alizuiliwa dola 100 tu kama dhamana. Mwalimu alidhani hapo ndipo usalama ulipo: dhamana ni dola 100, na zile 3,750 nyingine ziko huru, zimepumzika. Hazikuwa zimepumzika. Ndizo zilizokuwa zikibeba hasara ya mzigo wote, dola kwa dola.

Hapa nataka msomaji anisikilize polepole, kwa sababu ndipo nilipoelewa. Mkataba ulisema dalali atatoa mwito wa dhamana, ile kengele ya hatari, mtaji utakapobaki sawa na dhamana, yaani dola 100. Na ulisema atafunga biashara kwa nguvu, wanaita stopu auti, mtaji utakapofika nusu ya dhamana, dola 50. Kati ya kengele na kufungwa zilikuwepo pipu 15. Alfajiri ile yeni ilikuwa ikila pipu 15 kwa muda mfupi sana. Ulaya, tangu Agosti 2018, mteja wa kawaida hapewi zaidi ya moja kwa thelathini kwenye sarafu kubwa. Kwa sheria hiyo, mzigo ule ule ungezuia dhamana ya dola 1,667, na kwa kanuni ile ile ya nusu ungefungwa zikiwa zimebaki dola 830 hivi. Zaidi ya shilingi laki moja zingerudi nyumbani. Levereji kubwa aliyoisifia menta wao haikumpa nafasi ya kupumua. Ilimruhusu kuzama mpaka chini kabisa.

Ndugu yangu akaandika mstari wa mwisho. Kama mwalimu angenunua dola zake 3,850 bila levereji yoyote, basi Jumatatu ile ya Agosti, dola ilipogusa karibu yeni 142, angekuwa amepungukiwa na shilingi elfu 50 na kidogo. Zingeuma, lakini pesa zingekuwepo. Na Januari 2025 dola ilikuwa imerudi juu ya yeni 157. Mume wangu alisoma soko vizuri kuliko wengi. Akaunti haikuwepo tena ya kulisubiri.

Nilimwona akiitazama ile karatasi muda mrefu. Alipolala usiku huo, alilala.

Menta alikuwa bado anapiga simu. Weka dola 500, alisema, hamia kwenye dhahabu. Hapo mama mkwe ndiye aliyejibu. Watu wa kwao wameijua dhahabu tangu siku za wakoloni, tangu mgodi wa Rosterman ambao ulifungwa mwaka 1952, na hadi leo akina mama wa Ikolomani na Shinyalu huosha udongo kwenye karai wakitafuta vipande vinavyopimwa kwa gramu. Akauliza loti moja ya dhahabu kwenye simu ni kiasi gani. Ndugu yangu akamwambia ni aunsi 100, kilo 3 na zaidi. Mama akasema, "Mwanangu, huyo anakwambia ushike kilo tatu, na wewe huna hata karai." Mwalimu akazima simu. Zile dola 50 zilizobaki tulizitoa, zikawa shilingi elfu 6 na kitu, nikanunulia mahindi.

Baadaye tulitafuta jina la yule dalali kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kenya ina kanuni za biashara hii tangu 2017, na kampuni ya kwanza ilipewa leseni 2018. Hata soko letu la hisa Nairobi lina mikataba ya bei za baadaye tangu Julai 2019, na huko nako dhamana hutozwa na hesabu hufungwa kila jioni. Mikataba ya namna hii ina kazi ya heshima. Mwagizaji wa mbolea anayejua atalipa dola baada ya miezi mitatu anaweza kufunga bei leo na benki yake, akalala. Jina la dalali wetu halikuwemo kwenye ile orodha. Kuwemo kusingerudisha pesa zile, lakini kungetupa mahali pa kupeleka swali. Na Ulaya walipoweka sheria zao walisema wazi kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida hupoteza pesa. Ningetaka namba hiyo ibandikwe kwenye kila hosteli karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kwa sababu vijana wetu wanafundishwa maneno yote ya faida, na yale ya hasara wanakutana nayo alfajiri peke yao.

Deni tulilibeba hivi. Sheria hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo theluthi moja ilikuwa yetu, na juu ya hiyo tukapanga. Tulienda sacco pamoja na ile taarifa yenye maandishi ya penseli, tukaeleza ukweli, wakaturefushia muda wa kulipa. Chama changu kilinipa zamu yangu mapema. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alinipisha bila kuombwa. Binti aliripoti chuoni mwezi wa Septemba kwa karo ya nusu na barua. Fundi hakurudi mwaka ule. Ukuta ulifunikwa na nailoni, mvua ya Kakamega ikaupiga, na ulisimama.

Sasa mwalimu huwafundisha wanafunzi wake wa Kidato cha Nne asilimia kwa kutumia karatasi ile, akiwa amekata jina lake juu. Mimi huulizwa sokoni na akina mama ambao wana wao wameanza. Nawaambia wamuulize kijana mambo matatu kwa shilingi: mzigo ulioshika ni kiasi gani, pipu moja ni pesa ngapi, na biashara itafungwa kikibaki kiasi gani. Mwezi uliopita mmoja alirudi na mwanawe na simu, wakakaa kwenye magunia, na tukapiga hesabu hiyo watatu mpaka mwisho. Alikuwa ameshika mzigo wa shilingi milioni 2 kwa akaunti ya elfu 40. Aliufunga palepale, akiwa amepoteza elfu 3, na mama yake akanunua gorogoro mbili za maharagwe wakaenda nyumbani.