Fyuzi ya 30 kwenye Gari ya Mjomba

Najua nimepotea, lawama zipelekeni kwa mitihani ya majaribio, wiki mbili mfululizo. Leo sina umbea wa hosteli, nina habari ya fyuzi. Msikimbie jamani.

Mjomba anaendesha teksi hapa Dar. Ile gari ndiyo ada ya wadogo zangu, na bumu likichelewa ndiyo inayonilisha mimi. Alifungiwa taa mbili za ziada mbele, zikaungwa kwenye fyuzi ya redio na soketi ya chaji. Kila akiwasha, fyuzi inakata. Fundi wa mtaani akatoa ile ya 15, akapachika ya 30. Ikaacha kukata. Ila Jumamosi aliponipitia nikasikia harufu ya plastiki inayoungua.

Tupige hesabu kidogo (wa Fizikia mnisaidie). Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata kama ampia 9, na zinapowashwa tu zinavuta zaidi maana bado za baridi. Jumlisha redio na chaji za abiria. Fyuzi ya 15 ilikuwa inafanya kazi yake! Watu wengi wanadhani fyuzi inalinda redio. Inalinda waya. Ukiweka ya 30, anayeungua kwanza ni waya, na waya unapita chini ya dashibodi, karibu na miguu ya watu.

Sasa mwambie Mjomba hayo. Yuko barabarani tangu sijazaliwa, mimi hata leseni sina.

"Mwanangu, wewe ualimu wako wa darasani. Gari mimi ndiye naijua."

Sikubishana. Nikamwomba tu tuzime gari, tutoe waya hasi wa betri, tufungue kava. Jamani! Taa zilikuwa zimeungwa kwa kawaya ka spika, kamesokotwa na kufungwa selotepu, ganda limeyeyuka na kugandana na waya wa jirani. Mjomba akashika kiuno, kimya. Halafu akasema taratibu, "Na asubuhi nimepeleka watoto wa shule."

Taa kama zile zinatakiwa zichukue umeme betrini kwa waya mnene, fyuzi yake ikae karibu kabisa na betri, na ziwashwe kwa rilei. Swichi ya ndani iamshe rilei tu. Kwa vitu vidogo, kamera au chaji, kuna kile kishikio cha kuchomeka kwenye nafasi ya fyuzi, kina nafasi mbili: fyuzi ya zamani inabaki na kifaa kipya kinapata yake ndogo. Chagua nafasi inayozimika ukitoa ufunguo, la sivyo asubuhi betri imelala. Fyuzi za breki na eabegi usiziguse, hata kama fundi anaapa.

Kwa sasa taa zimetolewa, fyuzi ya bluu ya 15 imerudi, na fundi mwingine amebadilisha waya ulioungua. Siku nzima ya hesabu ya bosi imepotea, na Mjomba bado ananuna kuhusu taa zake. Ile ya kijani ya 30 ninayo mimi, naenda nayo TP. Mwenzangu wa chumbani ameshaniuliza kama ni kipuli.