Ukuta wa majirani wawili

Kwetu Bukavu, nyumba ya kudumu inatambulikana kwa rangi ya udongo wetu: nyekundu yenye kuelekea kahawia. Kule New York, katika karne ya 19, watu walijenga nyumba za safu, wakafunika uso wake kwa jiwe la mchanga la rangi kama hiyo, lililochimbwa Portland, Connecticut. Nyuma ya lile jiwe mulikuwa matofali tu. Sisi jiwe letu ni jeusi, la volkano, na tunaliweka kwenye fondasyo. Rangi nyekundu tuliipata kwa moto.

Bazee walituachia kazi hii: udongo unakanyagwa kwa miguu, unatiwa katika forma ya mbao, unaanikwa, kiisha matofali yanapangwa tanuru na kuchomwa kwa kuni. Ukigonga tofali likalia, limeiva.

Mwaka 1952 Wabelgiji walianzisha Office des Cités Africaines, na Bagira ni moja ya mitaa iliyojengwa nayo. Nilikomalia kule, katika nyumba yenye kushikamana na ya jirani. Ukuta ulikuwa moja, na ulikuwa na sheria yake isiyoandikwa: mbele ya kupigilia msumari, unabisha hodi upande wa pili. Mgonjwa akikohoa usiku, asubuhi jirani analeta uji bila kuulizwa.

Siku ya Yenga, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5,9 lilipasua ukuta ule. Mama alitaka kulipa fundi peke yake, juu ufa ulionekana zaidi kwetu. Jirani akakataa: «Mama Mwalimu, ule ukuta haiko yako peke. Iko yetu sisi wawili.» Kila mmoja akalipa nusu.

Leo jirani yule ameisha kufariki, na watoto wake wameuza. Mwenye kununua anataka kubomoa apandishe etaji, kama tunavyoona hapa Nyalukemba ninakoishi. Anasema atavunja nusu yake tu. Lakini ukuta wa tofali hauna nusu: mbao za paa letu zinalala juu yake, na mama angali analala chini ya paa lile.

Tulimuita kwa mazungumzo mbele ya bazee wa avenue. Ndugu wasomaji, wenye kuishi katika nyumba za namna hii, andikeni mapatano ya ukuta wenu wakati wote wawili mungali wazima.